Mwongozo kamili: namna ya kupata dokumentesheni sahihi ya kuunganisha Java na databesi

Swali ni lilelile kila siku. Mtu kaandika programu yake ya Java, anataka isome databesi, anagugo, anapesti kodi ya mwaka 2009, inagoma, anapesti nyingine, inagoma na kosa jipya, mwisho anaomba "jamani mwenye kodi ya kukonekti anitumie". Akitumiwa inafanya kazi siku hiyo. Kesho akibadilisha databesi au akipandisha toleo la Java anarudi na ombi hilohilo.

Kodi yenyewe ya kukonekti ni mistari mitatu minne tu. Kinachowatesa watu ni kutojua maelezo rasmi yanakaa wapi, maana hayakai sehemu moja. JDBC ndo njia ya kawaida ya Java kuongea na databesi, na maelezo yake yako kwa watu watatu tofauti:

- wenye Java, wanaeleza interfesi na metodi zake
- wenye draiva (kipande cha programu kinachoiunganisha Java na databesi fulani), wanaeleza URL, seting na tabia za draiva yao
- wenye databesi, wanaeleza seva, ruhusa za watumiaji na namba za makosa

Ukipeleka swali la draiva kwenye ukurasa wa Java hutapata jibu hata usome mpaka kunakucha. Kwa hiyo kazi kubwa kwenye hatua zote hapa chini ni kujua swali lako ni la nani.

## Andaa hivi kwanza

- Toleo la JDK (Java yenyewe ya kutengenezea programu) unalotumia. Andika `java -version` kwenye teminali.
- Jina na toleo la databesi. Kwenye MySQL, MariaDB na PostgreSQL andika `SELECT version();`, kwenye SQL Server ni `SELECT @@VERSION`, na kwenye SQLite ni `SELECT sqlite_version();`
- Jina kamili la faili la jar la draiva, pamoja na namba zake. Kama unatumia Maven au Gradle (zana za kuleta jar kwenye mradi) basi fungua `pom.xml` au `build.gradle` uione humo.
- Ujumbe mzima wa kosa kama upo. Nasema mzima, pamoja na ile mistari ya `Caused by` huko chini ambayo watu huikata wakidhani ni takataka.
- Faili moja tupu la kuwekea linki utakazokuwa unazipata.

Usianze kugugo chochote kabla hivi havijakamilika.

## Hatua ya 1: Andika matoleo yako matatu

Juu kabisa kwenye lile faili tupu andika toleo la Java, la draiva na la databesi. Mfano: Java 21, `postgresql-42.7.3.jar`, PostgreSQL 16.

Sababu ni kwamba hizi namba tatu zinahesabiwa kila moja kivyake. Draiva ya PostgreSQL ya 42 haimaanishi kuna PostgreSQL 42, na watu wanatafuta kitu kama hicho kweli kabisa. Kila unapofungua ukurasa wa maelezo utaulinganisha na namba mojawapo hapa, na usipojua namba huwezi kujua kama ukurasa unakuhusu.

Angalia pia mkia wa jina la jar. Draiva ya SQL Server inaishia na kitu kama `jre8` au `jre11`, na za Oracle zinaitwa `ojdbc8`, `ojdbc11` na kuendelea. Hiyo namba ya mwisho inakwambia draiva imetengenezwa kwa ajili ya Java ipi.

Umefaulu kama: mtu akikuuliza "unatumia draiva gani" unajibu kwa namba, sio "ile ya MySQL".

## Hatua ya 2: Fungua Javadoc ya toleo lako la Java

Javadoc ni kurasa rasmi za maelezo ya klasi za Java. Maelezo ya interfesi zote za JDBC yako kwenye moduli inayoitwa `java.sql`, na ndani yake paketi mbili ndo za kwako: `java.sql` na `javax.sql`. Anwani kwa Java 11 na kuendelea iko hivi:

`docs.oracle.com/en/java/javase/21/docs/api/`

Badilisha hiyo 21 uweke namba yako. Wa Java 8 anwani yao ni tofauti kidogo, `docs.oracle.com/javase/8/docs/api/`. Ukifika tumia kisanduku cha kutafutia kilichopo juu ya ukurasa (kwenye Java 8 hakipo, utashuka na orodha ya kushoto), andika `PreparedStatement`, chagua ile ya `java.sql`.

Kurasa sita zinatosha kwa kazi nyingi, ziweke kwenye lile faili lako: `DriverManager`, `DataSource`, `Connection`, `PreparedStatement`, `ResultSet` na `SQLException`. Zingine utazifuata ukizihitaji.

Tahadhari: ukigugo jina la klasi, mara nyingi linki ya kwanza inakupeleka kwenye Java 7 au 8. Mengi bado ni sahihi ila metodi za karibuni hutaziona. Soma namba iliyo kwenye anwani kabla hujasoma ukurasa. Na ukiona klasi mbili zenye jina moja, kama `Date` ya `java.sql` na `Date` ya `java.util`, hakikisha uko kwenye sahihi, maana IDE (programu unayoandikia kodi) ikikuimpotia ile nyingine kodi inakataa kukompaili au inalazimisha ubadilishe aina kila mahali.

Umefaulu kama: kurasa zote sita zina namba ya Java yako kwenye anwani.

## Hatua ya 3: Jifunze kusoma ukurasa mmoja mpaka mwisho

Hapa ndo wengi wanapita mbio. Wanafungua ukurasa, wanaona jina la metodi, wanaondoka. Maelezo yenye faida yako kwenye zile sehemu ndogo za chini ya kila metodi: `Parameters`, `Returns`, `Throws` na `Since`.

Tuchukue `getInt` ya `ResultSet` tuisome kweli. Kwenye `Parameters` wanasema safu ya kwanza ni 1, ya pili ni 2. Yaani haianzi na 0 kama areyi. Umeshapona kosa moja hapo, kwa sentensi moja tu.

Kwenye `Returns` wanasema kama thamani iliyopo kwenye databesi ni `NULL`, unarudishiwa 0. Fikiria hilo taratibu: una jedwali la wateja, safu ya umri, mmoja hajajaza umri wake. Programu yako itasema ana miaka 0, hakuna kosa litakalotokea, hakuna mstari mwekundu, ripoti ya wastani wa umri itatoka imepinda na utatafuta tatizo kwenye hesabu ambako halipo. Dawa yake ni metodi `wasNull()` unayoiita mara tu baada ya `getInt`, na iko kwenye ukurasa huohuo.

`Throws` inakwambia kosa litatupwa lini, kwa mfano ukiita metodi kwenye `ResultSet` iliyokwisha fungwa. `Since` inakwambia metodi iliingia toleo gani la Java, kwa hiyo ukiona `getObject` ile inayopokea `Class` imeandikwa `1.7` unajua kwenye Java 6 haipo.

Kingine cha kusoma ni yale maelezo marefu juu kabisa ya ukurasa, kabla ya orodha ya metodi. Kwenye `Connection` hapo ndo wanasema koneksheni mpya inaanza ikiwa kwenye hali ya auto-commit, maana yake kila amri inahifadhiwa palepale inapokamilika. Mtu asiyelijua hili anaandika `rollback()` kisha anashangaa data haikurudi nyuma, au draiva inamtupia kosa.

Umefaulu kama: unaweza kujibu, bila kugugo, metodi unayoitumia inarudisha nini pale data inapokosekana.

## Hatua ya 4: Hamia kwenye dokumentesheni ya draiva

Vitu vingi kwenye `java.sql` ni interfesi. Java inaahidi, draiva ndo inatekeleza, na kila draiva inatekeleza kwa namna yake. Kwenye Javadoc ukikutana na neno `hint` simama hapo. Wanamaanisha draiva ikitaka itakusikiliza, isipotaka itakupuuza.

Mfano mzuri ni `setFetchSize`. Una jedwali la mistari milioni kadhaa, hutaki ijae kwenye memori, unaweka `setFetchSize(500)`, unaendesha, programu inakufa na `OutOfMemoryError`. Javadoc ya Java haitakusaidia, imesema ni `hint` na imemaliza. Jibu liko kwa wenye draiva:

- Draiva ya PostgreSQL kwa kawaida inaleta matokeo yote kwa mkupuo. Ili isikilize `setFetchSize` lazima auto-commit iwe imezimwa, `ResultSet` iwe ya kwenda mbele tu, na kwenye kwiri (ombi la SQL unalotuma) kuwe na amri moja.
- Draiva ya MySQL, Connector/J, nayo inaleta yote. Ukitaka mstari mmoja mmoja unaweka `setFetchSize(Integer.MIN_VALUE)` kwenye `Statement` ya kwenda mbele tu na ya kusoma tu, na hapo huwezi kutuma kwiri nyingine kwenye koneksheni hiyo mpaka umalize kusoma au ufunge. Au unaweka `useCursorFetch=true` kwenye URL ndo namba yako ya kawaida ifanye kazi.

Metodi ni ileile na jina ni lilelile, lakini masharti hayafanani hata kidogo.

Wapi pa kwenda:

MySQL: `dev.mysql.com/doc/connector-j/en/`. URL ni `jdbc:mysql://localhost:3306/duka`. Jina la kwenye Maven sasa ni `com.mysql:mysql-connector-j`, lile la zamani `mysql:mysql-connector-java` utaliona kwenye kodi nyingi za kupesti. Klasi ya draiva ni `com.mysql.cj.jdbc.Driver`.

PostgreSQL: `jdbc.postgresql.org`. URL ni `jdbc:postgresql://localhost:5432/duka`. Dokumentesheni yake ni fupi na imepangika, kama unajifunza soma yote tu.

MariaDB: ina draiva yake, `org.mariadb.jdbc:mariadb-java-client`. Kuanzia toleo la 3.0 haikubali URL inayoanza na `jdbc:mysql:` mpaka uongeze `permitMysqlScheme`, tumia `jdbc:mariadb:`. Watu wengi waliopandisha toleo wamekwama hapa.

SQL Server: iko kwenye `learn.microsoft.com`, tafuta Microsoft JDBC Driver. URL yake inatenganisha seting kwa nukta mkato: `jdbc:sqlserver://localhost:1433;databaseName=duka`. Tangu toleo la 10.2 usimbaji wa mawasiliano umewashwa wenyewe, kwa hiyo ukipandisha draiva na kukutana na `PKIX path building failed`, hujaharibu kodi, ni cheti cha seva ambacho Java yako haikiamini. `trustServerCertificate=true` itakutoa kwenye kompyuta yako ya majaribio, kwenye seva ya kazi weka cheti sahihi.

Oracle: draiva ya aina ya thin, `jdbc:oracle:thin:@//localhost:1521/jina_la_huduma`. Ukikosea kati ya SID (kitambulisho cha databesi) na jina la huduma haitaingia, na kila moja ina uandishi wake.

SQLite: `org.xerial:sqlite-jdbc`, URL ni `jdbc:sqlite:duka.db`. Hii ina mtego wake: ukikosea njia ya faili inakutengenezea faili jipya tupu, koneksheni inafanikiwa, halafu unaambiwa jedwali halipo wakati unaliona kwa macho kwenye faili lingine.

Kwenye kila tovuti tafuta kurasa tatu: wa muundo wa URL, wa orodha ya seting zote, na wa maelezo ya matoleo. Huo wa matoleo ndo wanaouruka, na ndo ungewaokoa wa SQL Server na MariaDB hapo juu.

Umefaulu kama: unaweza kuonyesha ni ukurasa upi umeruhusu kila kipande cha URL yako, mpaka kile cha baada ya alama ya kuuliza.

## Hatua ya 5: Leta maelezo ndani ya IDE

Hii ni fupi. Ukiwa na Maven endesha `mvn dependency:sources`, jar za sosi kodi zitashuka kama wenye draiva wameziweka. Ukisimama juu ya metodi kwenye IDE utaona maelezo yake bila kufungua brauza, na ukitaka unaingia mpaka ndani ya draiva kuona inafanya nini. Asiyetumia Maven aende `javadoc.io`, aandike jina la jar na achague toleo lake halisi.

## Hatua ya 6: Mpeleke kosa kwa mwenyewe

Kosa likitokea usipesti ujumbe wote kwenye gugo. Lisome kwanza limetoka kwa nani. `SQLException` inabeba vitu viwili vya kukusaidia, `getSQLState()` na `getErrorCode()`, viprinti vyote.

SQLState ni herufi tano na mbili za mwanzo ndo kundi lake: `08` ni koneksheni, `22` ni data mbaya, `23` ni umevunja masharti ya jedwali kama ufunguo kujirudia, `28` ni utambulisho, `40` ni muamala umerudishwa nyuma, `42` ni sintaksi au ruhusa. Makundi haya yanafanana kwenye databesi nyingi. Ile ya `getErrorCode()` ni namba ya mwenye databesi, haihamishiki.

Yale yanayouliziwa sana:

`No suitable driver found for jdbc:...` anayesema hivi ni `DriverManager` wa Java. Ombi lako halijafika hata kwenye mtandao. Ama jar haipo kwenye klaspathi (orodha ya sehemu ambako Java inatafuta klasi na jar), ama umekosea mwanzo wa URL. Watu wanaenda kubadilisha paswedi kwa kosa hili, na seva haijui hata kama upo.

`Communications link failure` ni draiva ya MySQL. Shuka kwenye `Caused by`, ukikuta `Connection refused` basi seva haijawashwa au poti sio hiyo.

`Access denied for user`, namba 1045, SQLState `28000`, huyu ni seva ya MySQL yenyewe. Furahi, maana jar, URL na mtandao vyote viko sawa. Sasa nenda kwenye manyuali ya MySQL upande wa watumiaji na ruhusa, achana na Java.

`no pg_hba.conf entry for host` ni seva ya PostgreSQL, na mara nyingi kodi ya Java haitaitibu. Fungua manyuali ya PostgreSQL kwenye sura ya utambulisho wa wateja.

Orodha ya SQLState za PostgreSQL iko kwenye Kiambatisho A cha manyuali yake, na MySQL wana rejea nzima ya makosa peke yake. Chagua toleo la manyuali linalolingana na seva yako, ndo maana tuliandika ile namba ya tatu kwenye hatua ya 1.

Umefaulu kama: kabla hujagusa kodi unaweza kusema kosa ni la Java, la draiva au la seva.

## Hatua ya 7: Chuja maelezo yaliyopitwa na wakati

Mafunzo ya zamani bado yanaongoza kwenye gugo. Dalili zake:

- Yanakulazimisha `Class.forName(...)`. Tangu JDBC 4.0 iliyokuja na Java 6 mwaka 2006 draiva inajisajili yenyewe ikiwa kwenye klaspathi. Isipokuwa kwa wanaoweka jar ndani ya `WEB-INF/lib` kwenye Tomcat (seva ya programu za wavuti za Java), hao dokumentesheni ya Tomcat yenyewe inawaambia wasajili wenyewe, na bora zaidi watumie `DataSource`.
- Yanataja `sun.jdbc.odbc.JdbcOdbcDriver`. Hiyo iliondolewa kwenye Java 8, funga ukurasa.
- Yanatumia `com.mysql.jdbc.Driver`, jina la zamani kabla ya Connector/J 8.
- Yanafunga koneksheni kwa `finally` ya mistari kumi. Sio kosa, ila tangu Java 7 `try` yenye mabano inafunga yenyewe.
- Yanaunganisha maneno ya mtumiaji ndani ya kwiri kwa alama ya `+`. Huyo usimfuate hata kama ameandika jana, ni mlango wa wizi wa data. Tumia `PreparedStatement`.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa kodi ndogo

Andika hii ukitumia kurasa ulizokusanya, badilisha URL iwe ya databesi yako:

```java
import java.sql.*;

public class Jaribio {
    public static void main(String[] args) throws SQLException {
        String url = "jdbc:postgresql://localhost:5432/duka";
        try (Connection c = DriverManager.getConnection(url, "mtumiaji", "siri")) {
            DatabaseMetaData m = c.getMetaData();
            System.out.println(m.getDatabaseProductVersion());
            System.out.println(m.getDriverVersion());
            System.out.println(m.getJDBCMajorVersion() + "." + m.getJDBCMinorVersion());
        }
    }
}
```

Ukiiendesha kwa mkono usisahau klaspathi: `java -cp .:postgresql-42.7.3.jar Jaribio`. Kwenye Windows badala ya nukta mbili weka nukta mkato, na hii ni sababu mojawapo ya kodi ya rafiki yako kukubali kwake na kukataa kwako.

Umefaulu kama: inaprinti mistari mitatu na ya kwanza miwili inalingana na ulichoandika hatua ya 1. Isipolingana maana yake kuna jar nyingine ya zamani mahali fulani kwenye klaspathi au umekonekti seva tofauti na uliyodhani. Usiendelee mbele, itafute kwanza.

## Hatua ya 9: Weka nakala za nje ya mtandao

Bando likiisha kazi isisimame. Oracle wanatoa dokumentesheni ya JDK kama faili la zip, unadaunlodi unafungua kwenye brauza kama kawaida. PostgreSQL na MySQL wana manyuali za PDF. Na ukitaka kujua draiva inalazimika kufanya nini na wapi imeachiwa uhuru, spesifikesheni yenyewe ya JDBC iko `jcp.org` kama JSR 221, ni nzito na hutaisoma yote, ila sura za miamala na `ResultSet` zinamaliza ubishi mwingi.

Zipe folda majina yenye namba, `jdk-21`, `pgjdbc-42.7`, `postgres-16`. Ukipandisha toleo lolote kati ya matatu, badilisha folda hiyo moja na urudie hatua ya 8.